Futa Padi, Inuka

Mnanichosha, vijana. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kukasirika akasirike sasa hivi, amalize, kisha asome vizuri. Juzi tu mmoja wenu, kijana wa jirani yangu hapa Misikhu, alirusha simu yake ukutani kwa sababu ameshindwa mchezo. Simu yake mwenyewe! Nikamuuliza kama ni ukuta uliomshinda. Akaniambia, kama mnavyotuita sisi akina mama, "Mathe, si ni netiweki imenichoma, bana." Netiweki. Kila siku ni netiweki. Nimefanya kazi ya michezo ya skrini tangu wengi wenu hamjazaliwa, kwanza Kitale, halafu Bungoma mjini, na bado sijaona netiweki iliyoshika bunduki ikampiga mtu.

Basi tulieni niwaambie kidogo. Sitafuata mpangilio, kwa sababu kichwa changu hakijapangwa hivyo, na nyinyi wenyewe hamna subira ya kitu chenye mpangilio. Mkiona mwanzo mrefu mnaruka.

Kazi hii niliipata Kitale kwa Mama Wanjiru. Huyu alikuwa mama wa Kikuyu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani, na aliuza televisheni kuukuu karibu na soko. Mimi niliajiriwa kufagia na kupanguza vumbi. Kulikuwa na televisheni moja kubwa ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ilionyesha kila mtu akiwa na sura ya kijani. Mama Wanjiru akachoka kuitazama, akaiunganisha na mashine ya michezo aliyoletewa na mpwa wake kutoka Nairobi, akaweka benchi mbele yake. Muda si muda tukawa tumesahau kuuza televisheni. Watu walijaa mlangoni kutazama wachezaji wa kijani wakicheza mpira kwenye nyasi za kijani.

Sheria ilikuwa moja tu: mshindi anabaki, aliyeshindwa anainuka. Mnaona ni rahisi. Jaribuni nyinyi kumwinua dereva wa lori la mahindi ambaye amefungwa mabao mbele ya turniboi wake, yule msaidizi wa lori. Nilikuwa nikimwambia mtu kwamba zamu yake imeisha, naye ananitazama kana kwamba nimemtukania mama. Wengine walitupa padi sakafuni, yaani kile kidude chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili. Zilizovunjika nilizirekebisha mimi, nyaya kwa nyaya. Zilizopona zilijaa mafuta ya chipsi na mutura, ile soseji ya matumbo, na kitufe ukikibonyeza asubuhi kinarudi juu mchana.

Mama Wanjiru alinitazama nikigombana na watu, akavumilia, mwishowe akanipa kitambaa.

"Mtu akishindwa," akaniambia, "mikono yake inatafuta kitu ya kufanya. Usipoipatia kazi, itajitafutia. Mwambie afute padi kwanza. Akimaliza kufuta, hasira imepungua, na padi yangu ni safi."

Kuanzia siku hiyo maneno yangu yakawa hayo hayo: futa padi, inuka. Mtu anafuta, anafuta tena, anashusha pumzi, anampa mwenzake padi, anatoka nje kununua soda. Nimewaambia maneno hayo madereva, walimu, askari jela waliotoka zamu, na mara moja mgombea udiwani mwenye walinzi wawili. Wote walifuta, hata huyo wa udiwani, na walinzi wake wakamshikia koti.

Ufundi mwingine nitawapa haraka haraka, ingawa najua hamtautumia. Diski iliyokwaruzika hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungushazungusha kama unasugua sufuria. Mvua ya Kitale ikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani bila kungoja mechi iishe, hata wakikupigia kelele. Mechi itachezwa tena, mashine ikiungua imekwenda. Na benchi la mchezaji lisiwe la starehe sana, maana mtu akishastarehe hakumbuki hata kwenda nyumbani kula.

Sasa, hii michezo ya mtandaoni mnayodhani ilizaliwa pamoja nanyi, mimi niliiona ikiwa mtoto mchanga. Ilianza kwa waya. Mama Wanjiru alinunua kompyuta mbili, lakini chumba chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo tukatoboa ukuta, tukapitisha waya hadi chumba cha jirani, na kompyuta ya pili ikakaa huko. Mtu wa huku anacheza na mtu wa kule, hawaonani. Kulikuwa na mkulima mmoja wa mahindi aliyekuwa akija kila siku ya soko. Siku moja alicheza akashindwa vibaya, na muda wote huo alikuwa akiitukana kompyuta. Aliiita mwizi, akaiita mchawi, akasema mambo kuhusu ukoo wa kompyuta ambayo siwezi kuyaandika. Alipotoka akakutana mlangoni na mtu wa chumba cha pili, aliyekuwa akitoka pia huku anafunga vifungo vya koti. Alikuwa mhubiri wake.

"Kumbe ni wewe umenipiga hivyo, pasta?" akauliza mkulima.

"Ni mimi," pasta akajibu. "Na ukuta ni mwembamba."

Mkulima alikaa muda mrefu bila kuonekana kanisani, na kwetu pia. Mama Wanjiru alicheka hadi akashika mbavu, lakini mimi nililaumiwa kwa kutowaambia. Ningewaambia vipi? Wao wenyewe ndio waliotaka mpinzani wasiyemjua, kwa sababu usiyemjua unaweza kumtukana. Tangu hapo yamebadilika mengi, lakini hilo limebaki vilevile. Mmeongeza tu urefu wa waya.

Nilipofungua duka langu mwenyewe Bungoma mjini, intaneti ilikuwa imefika, lakini ilikuwa ikifika kwa kusuasua. Mechi ya kwanza tuliyocheza na mtu wa nje, jina lake lilikuwa na herufi ambazo kibodi yetu haikuwa nazo. Vijana walijazana nyuma ya kiti. Mchezaji wetu akibonyeza apige mpira, mpira unapigwa wakati yeye ameshakata tamaa na kugeuka kuwaeleza wenzake. Hiyo ndiyo mnayoiita lagi na kuilia machozi. Sisi tulijifunza kuishi nayo. Usipige mahali adui alipo, piga mahali atakapokuwa. Usikae kwenye kona ya nyumba ambako simu inatafuta mnara kama mtu aliyepoteza funguo. Pakua vitu vizito alfajiri, wakati wenye pupa wamelala. Na kama bado unashindwa baada ya hayo yote, wewe ni mchezaji mbaya, kubali.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Zamani ukinunua diski, diski ni yako. Unaweza kuiazima, kuibadilisha, hata kuwekea kikombe cha chai juu yake. Sasa mchezo mzima uko kwenye mashine za watu msiowajua, mbali huko, nao wakiamka vibaya wanabadilisha sheria wakati mmelala. Silaha uliyoizoea asubuhi inaishiwa nguvu. Ramani uliyoikariri inapigwa chini, inajengwa nyingine. Mchezo hauishi, umetengenezwa usiishe, maana ukiisha mtaenda kulima. Halafu mnanunua koti la mtu wa kwenye simu, koti la manyoya, na wewe mwenyewe umevaa sweta iliyotoboka kiwiko! Nikiwauliza mnasema, "Mathe, hiyo ni ngozi, huelewi." Naielewa, ni nguo ya kuvalia mchezoni. Niliyekosa kumwelewa ni anayeinunua.

Haya. Simu zilipoingia mifukoni mwa kila mtu, duka langu la Bungoma likabaki na viti. Nikafunga, nikarudi nyumbani Misikhu, nikasema nimestaafu. Nilipanda mboga, nikafuga kuku, nikaudhika. Mwishowe nikaweka mchezo kwenye simu yangu, ule wa vikosi, ambamo watu wanne wanatua kwenye kisiwa na kupambana na vikosi vingine hadi kimoja kibaki. Nilijiita Jembe. Kipaza sauti sikukiwasha hata siku moja, kwa sababu sikutaka kelele zenu ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nikiandika tu. Kwa kuwa niliandika Kiswahili kilichonyooka, wenzangu wakaamua mimi ni mzee wa kiume, mwalimu mstaafu wa michezo, wakaniita Kocha. Sikuwarekebisha, maana hawakuniuliza.

Kwenye kikosi changu kulikuwa na mmoja aliyejiita Mwewe. Huyo alikuwa na kipaji, na alikuwa na mdomo. Tukishindwa ananiandikia, "Kocha umezeeka, macho imeisha, enda ulale." Nami kila tukishindwa, yeyote aliyekosea, niliandika yale yale: Futa padi, inuka. Mwanzoni waliuliza padi ni nini kwenye simu. Nikawaambia wafute kioo cha simu, wasimame, wanywe maji, ndipo turudi. Wakazoea. Mwewe alitulia kuliko wote. Nilimfundisha kungoja, kutazama kabla ya kuvuka daraja, kutokimbilia kila kitu kinachong'aa. Nilimpenda yule mtoto, nasema wazi, na sikujua hata anaishi wapi.

Siku moja tukiwa tunangoja mechi ianze akaniandikia, "Kocha, naenda kwa wakwe next wiki. Naogopa, ati mama ya mrembo wangu ni moto wa kuotea mbali. Nikishaoa, hiyo boma yao nitakuwa naiona Krismasi pekee. Na wazee wangu wanataka kuongeza chumvi kwa kazi yangu. Niwaache?"

Nikamjibu, "Kata chumvi. Sema kazi yako ilivyo. Kula chakula chote utakachopewa. Na huyo mama usimwogope, mama mkali ni mtu anayempenda binti yake."

Wiki hiyo hiyo aliyoitaja, binti yangu Nasimiyu, anayefundisha chekechea Bungoma, alikuwa akiletewa wageni wa posa kutoka Sirisia. Ndiyo, nyinyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, kwa sababu nilikuwa na kuku wa kuchinja.

Lazima mjue jambo hili lilikuwa na uzito gani kwake. Kuna watu walikuja kabla ya hao, wakala, wakacheka, kisha waliposikia mimi ndiye yule mama wa gemu wa Bungoma, aliyekuwa akilaumiwa kwa kila mwanafunzi aliyetoroka darasani, hawakurudi. Nasimiyu hakulia mbele yangu. Alikaa kimya miezi, akawa anakuja nyumbani na kuondoka mapema, na mimi nikajua sababu ni mimi. Niliumia sana. Kwa hiyo safari hii aliponiambia, "Mama, siku hiyo hakuna mambo ya gemu, tafadhali, hata kidogo," nilimwahidi. Simu nikaizima. Vipokea sauti nikavifukia ndani ya debe la unga. Nikasema mimi ni mkulima wa mboga.

Na kwa walio wageni na desturi zetu Wabukusu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, kijana anaingia kando kwenye majani anageuza uso hadi mama apite. Siyo chuki, ni heshima. Siku ya posa, basi, wageni walikaa nje chini ya turubai pamoja na ndugu yangu Wanyonyi, aliyesimama upande wetu, na mimi nilikaa jikoni. Kijana sikumwona. Nilisikia tu sauti zikiingia dirishani.

Walisalimiana mulembe kwa mulembe, wakaomba, wakala. Msemaji wao, Mzee Makokha, mjomba wa kijana, akaanza kumsifu: Barasa wetu ni injinia, anashughulika na mitambo ya mawasiliano. Nikasikia mtu akikohoa.

"Samahani, wazee," sauti ya kijana ikasema. "Mimi hutengeneza simu. Niko na kibanda hapo Sirisia. Sijakuwa injinia."

Watu wetu wakaguna kwa kuridhika. Nami nikasema moyoni, huyu amelelewa. Nasimiyu aliingia jikoni kuchukua supu, uso wake uking'aa, akanibonyeza bega. Sijui lini mara ya mwisho alinishika hivyo.

Kumbe sasa Wanyonyi. Ndugu yangu huyu akishiba anakuwa tatizo. Wazee walipopumzika kabla ya mazungumzo ya mwisho, alileta ubao wa drafti na vizibo vya soda, akacheza na Mzee Makokha, akashindwa. Mtu mwingine alikuwa akingoja zamu. Wanyonyi hakuinuka. Alisema kizibo kimoja kimesogezwa na upepo. Alisema jua lilikuwa machoni. Mikono yake imejaa mafuta ya kuku, anavishika vizibo vya watu, sauti inapanda, na Mzee Makokha naye anaanza kupandisha yake. Mimi namwona dirishani. Posa ya mtoto wangu inataka kuharibika kwa sababu ya drafti! Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Wanyonyi! Futa padi, inuka!"

Watu wakacheka, ingawa hakuna aliyejua padi ni nini. Wanyonyi akainuka, huyo ananijua. Halafu nikasikia bakuli likianguka, na sauti ya yule kijana, ndogo, kama ya mtu anayeongea ndotoni.

"Kocha?"

Ningenyamaza. Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini nilisimama pale na mwiko mkononi na nikajibu kupitia dirishani, mbele ya ukoo mzima.

"Mwewe?"

Hakuna aliyecheka tena. Barasa alikuwa amesimama, supu inamtiririka mikononi, hajui atazame wapi, na kila neno alilowahi kuniandikia nilikuwa nikiliona likipita usoni mwake moja baada ya jingine. Umezeeka. Enda ulale. Moto wa kuotea mbali. Krismasi pekee. Akageuza uso haraka, kama desturi inavyotaka, lakini alikuwa amechelewa.

"Mjomba, twende," akasema. "Siwezi kaa hapa. Nimemtusi mama."

"Mama yupi?" akauliza Mzee Makokha.

"Mama mwenyewe. Mama Nasimiyu. Nimemtusi sana."

Nasimiyu alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia mikononi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Mama, hata leo?"

Mzee Makokha aliinua mkono, akawaketisha watu. Akaanza kuuliza, taratibu, na Barasa akajibu akiwa bado amesimama karibu na lango, mgongo umetugeukia.

"Mlionana?"

"Hapana, mjomba. Mimi nilikuwa Sirisia, mama alikuwa hapa."

"Mlishikana mkono?"

"Hapana."

"Sasa mkapatana wapi?"

"Kwa simu. Kwa gemu. Kuna kisiwa…"

"Kisiwa kiko wapi?"

"Hakiko, mjomba."

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Na hiyo njia ya kufika huko ni balabala ya magari ama ni nini? Mlitembea pamoja?"

"Tulitembea pamoja," Barasa akakubali. "Mama alikuwa mbele."

Wazee wa pande zote mbili wakainamiana. Mmoja wetu alisema haijawahi kuonekana. Mwingine akasema kama hawakujuana, hakuna kosa. Wa tatu akasema matusi ni matusi hata ukimtukana mtu gizani. Nikiwa jikoni nilitaka kupiga kelele kwamba kwenye mchezo maneno kama hayo ni salamu tu, lakini nilishafanya ya kutosha kwa mdomo wangu. Mwishowe Mzee Makokha akasema aliyetukanwa ndiye aulizwe, na kwa kuwa hawezi kuulizwa na kijana, Wanyonyi aende jikoni alete jibu.

Wanyonyi akaja, amenyong'onyea. "Dada, wanauliza unasemaje. Yule kijana anataka kuenda."

Nilimtazama Nasimiyu. Kisha nikatazama nje, nikaona mgongo wa yule mtoto niliyemfundisha kungoja kabla ya kuvuka daraja, na mikono yake yenye supu ambayo hakujua aiweke wapi. Nilitoa kitambaa kilichokuwa begani mwangu, cha jikoni, kisafi.

"Mpelekee hiki," nikasema. "Mwambie afute mikono, aketi."

Wanyonyi alikipeleka, akayasema maneno kwa sauti, kama nilivyoyasema. Barasa alikishika kile kitambaa. Akafuta mkono mmoja, akafuta wa pili, akaurudia wa kwanza. Mabega yakashuka. Kisha akarudi chini ya turubai, akaketi. Nyuma yangu Nasimiyu aliweka sinia chini, akanikumbatia na unga wangu na jasho langu, tukalia wote wawili, na nyama ya pili iliyokuwa motoni ikaungua.

Mzee Makokha ndiye aliyefunga shauri. Alisema yaliyopita kwenye kisiwa yabaki kisiwani. "Lakini kuanzia leo," akasema, "huyu kijana hana kocha. Yuko na mkwe." Wasiwe kikosi kimoja tena, wasiandikiane, wasiitane majina.

Harusi ilifanyika, nilikula vizuri, asante. Lakini hakuna aliyenipa pole kwa kupoteza mchezaji bora niliyewahi kuwa naye. Aliyechukua nafasi yake anavuka daraja akiimba.

Siku chache zilizopita nilikuwa kisiwani na kikosi changu, tumebaki sisi na wengine wachache. Nikatokea kwenye daraja la mashariki, na pale mbele yangu, bunduki tayari, akasimama mtu mwenye jina Mwewe juu ya kichwa chake. Aliniona kwanza. Angenimaliza kabla sijainua silaha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Badala yake alishusha bunduki, akaiweka chini, akatoka barabarani, akaingia kwenye majani marefu, akageuza uso.

"Pigana, wewe!" nikamfokea, peke yangu, nyumbani kwangu. "Hiyo ni gemu! Pigana!" Hakunisikia, na sikuruhusiwa kumwandikia. Vidole vyangu vilikataa kumpiga. Nikapita.

Kikosi chake kilishindwa kwa sababu ya hapo. Mkajua kuandika, nyinyi vijana! Kwenye ule ukurasa ambao pande zote mbili husoma, wenzake wakamrukia: ulikuwa umelala, umenunuliwa, umeuza mechi, hukumwona huyo Jembe amesimama kama mti? Nilingoja awajibu kwa mdomo wake ule ninaoujua. Hakujieleza. Hakusema neno juu yangu wala juu ya netiweki. Aliwaandikia wenzake sentensi moja.

"Futeni padi, muinuke."

Nilikaa nikiitazama hadi ikapanda na kupotea juu ya skrini. Kisha nikachukua kitambaa, nikaifuta simu yangu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimeshinda, nikainuka.